Maji hayana sauti, kinachopiga kelele ni hewa

Saa nane usiku, niko macho, nasikiliza bomba. Halijafunguliwa, linavuja tu, tone moja, kimya, tone lingine, kimya, halafu akili inaanza kulisubiri linalofuata na hapo ndo usingizi unakuaga rasmi. Mchana nilikuwa nimeweka ndoo pale chini ili maji yasipotee bure, nikajiona mtu wa maana sana, kumbe nimejitegea ngoma ya kunikesha. Ti! ... Ti! ... Ukikosa usingizi hesabu zinakuja zenyewe, kwahiyo nikapiga: matone kama 20 yanafanya mililita moja, tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na kitu. Na ti! 86,400 juu yake.

Basi likanijia swali la kijinga ambalo limeniganda wiki nzima. Hivi hiyo sauti inatoka wapi hasa?

Jibu la haraka kila mtu analo, si tone limegonga maji, limegonga basi limelia. Na mimi niliamini hivyo miaka yote bila kujiuliza. Ila kaa na hilo jibu kidogo uone linavyoyumba. Maji laini yameangukia maji laini, nini kimegonga nini? Ukidondosha kitambaa juu ya kitambaa unasikia ti?

Kumbe ule mgongano wenyewe karibu ni kimya. Tone likifika linachimba shimo kwenye uso wa maji, kashimo kama kibakuli, na kashimo hako hakakai, uso wa maji umejivuta kama ngozi ya ngoma kwahiyo unakavuta karudi haraka, na katika ile pupa ya kujifunga kuna hewa kidogo inanaswa pale chini kabisa. Kiputo. Kadogo, kama kichwa cha pini. Hicho kiputo ndo kinacholia. Tone halilii, maji hayalii, ndoo haihusiki. Halafu baada ya hapo mara nyingi unaruka mchirizi mdogo wa maji kwenda juu, ule unaopendwa sana kwenye picha, na wenyewe nao ni kimya. Arthur Worthington, mwanafizikia wa Uingereza, alishapiga picha za haya mambo zaidi ya miaka 100 iliyopita, anakaa gizani anadondosha tone halafu anawasha cheche ya umeme ya muda mfupi sana ili kamera inase kipande kimoja tu cha tukio. Picha nzuri mno. Ila ndo hivyo, yale mataji na minara tunayoishangaa haina sauti, kinachopiga kelele kimejificha chini.

Habari ya kiputo ilikuwa inajulikana tangu karne iliyopita, lakini kulikuwa na kitu hakijakaa sawa. Sauti ikizaliwa ndani ya maji haitoki kirahisi kuja hewani, pale kwenye mpaka wa maji na hewa karibu yote inarudishwa ndani, inayopenya ni kama sehemu moja katika 1,000. Sasa kiputo kama kichwa cha pini, kilie chini ya maji, sauti ikatwe hivyo, na bado kinikeshe mimi nikiwa chumba kingine? Aliyekuja kulitolea jibu ni Anurag Agarwal wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na kilichomsukuma ni kilekile kilichonisukuma mimi: alikuwa amelala kwa rafiki yake, paa linavuja, kuna ndoo, usingizi hakuna. Tofauti ni kwamba yeye akaenda maabara. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakatoa majibu, walitumia kamera ya kasi kubwa sana na maikrofoni mbili, moja hewani na nyingine ndani ya maji, wakaona kwamba kiputo kikitetemeka kinautikisa ule uso wa maji ulio juu yake, yaani sakafu ya lile shimo, na sakafu hiyo inasukuma hewa moja kwa moja kama spika inavyofanya. Kwahiyo sauti haipenyi mpaka, mpaka wenyewe unageuka kuwa spika. Aisee nilisoma hapo nikaweka simu chini kwanza.

Na dawa wakaitaja. Tia sabuni ya kuoshea vyombo kidogo kwenye hiyo ndoo. Sabuni inalegeza ule mvutano wa uso wa maji, shimo linajifunga kwa namna nyingine, kiputo hakinaswi, sauti hakuna. Nitarudi kwenye hiyo sabuni maana ina kesi yake.

Kwanini kiputo kinalia lakini? Hili lilishafanyiwa hesabu mwaka 1933 na Marcel Minnaert, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kusoma mwanga wa jua, mtu wa nyota kabisa, ila akaona atulie na viputo kidogo. Fikiria hivi: hewa iliyonaswa ni springi. Ukiibana inakataa, inasukuma nje, inapitiliza, maji yanairudisha, inabanwa tena, inakataa tena. Maji yanayoizunguka ndo uzito, hewa ndo springi, na kitu chochote chenye uzito na springi kitachezacheza kwa mwendo wake maalum. Kanuni yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuibeba kichwani: kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 1 kinatetemeka kama mara 3,260 kwa sekunde, cha milimita 2 nusu ya hapo, cha sentimita nzima kama mara 326. Kidogo kinalia juu, kikubwa kinalia chini, ni familia ya ngoma tu. Na sasa sikia uonevu: sikio la binadamu linasikia vizuri kuliko kwingine kote kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Yaani kiputo cha milimita 1 kimeangukia katikati ya lile eneo ambalo masikio yetu yako macho zaidi. Siyo mimi mwenye kisirani.

Ukishajua hili huwezi kusikia maji kama zamani, nakuonya mapema. Kijito kinachopita kwenye mawe, kile tunachosema kinanong'ona, ni maelfu ya viputo vya saizi tofauti kila kimoja na noti yake. Maji mengi yakipita taratibu bila kuvunjika hayana la kusema, mto mzima unaweza kupita kimya kama mwizi. Ukitupa jiwe kisimani, chubwi, ile b nzito ya mwisho ni hewa jiwe lililoivuta nyuma yake. Na mawimbi, ule mngurumo wa wimbi likivunjika ni viputo, wingu zima la viputo. Mvua ikinyesha baharini nayo ina saini yake: matone madogo ya kama milimita 1 yana tabia ya kunasa kiputo karibu kila yanapoanguka, kiputo cha saizi ileile, kwahiyo ukitega maikrofoni chini ya maji unasikia mluzi wa juu sana, karibu mitetemo 14,000 au 15,000 kwa sekunde. Wanasayansi wa bahari wanaisikiliza mvua kwa njia hiyo, kule katikati ya maji ambako hakuna mtu wa kuweka kipimo cha mvua.

Sasa niingie kwenye debe. Tuna methali mbili zinazofanana, wengine wanasema debe tupu haliachi kuvuma, wengine debe shinda haliachi kutika, na shinda maana yake halijajaa, lina maji nusunusu. Watu wanabishana ipi ya kweli. Kwangu mimi ya debe shinda ndo ina fizikia nyingi zaidi, sababu inahitaji maji na nafasi ya hewa vikae pamoja. Jaribu kujaza chupa au chombo kirefu chembamba ukiwa umefumba macho. Sauti inaanza nzito, inapanda, inapanda, na ikikaribia kuwa mluzi unajua maji yamefika shingoni. Kinachopanda si maji kulia, ni ile hewa iliyobaki juu yake inazidi kufupika. Chombo kilichonyooka chenye hewa ya urefu wa sentimita 30 kinaitikia noti ya mitetemo 286 hivi kwa sekunde, hewa ikibaki sentimita 5 noti inapanda mpaka zaidi ya 1,700. Watu wengi wasioona wanajaza vikombe hivyohivyo kwa sikio. Mimi nimejaribu gizani na sijamwaga hata tone, naandika hapa kwa majigambo kidogo maana mbele huko nitaaibika.

Kuna mchezo mwingine wa kikombe ambao kila nikiwaonyesha watu wanadhani nina mazingaombwe. Chukua kikombe kizito cha udongo, tia maji ya moto, tia kahawa ya unga ile ya kuyeyuka yenyewe, koroga, halafu mara moja anza kugonga sakafu ya kikombe kwa ndani na kijiko, tik tik tik bila kuacha. Sauti inaanza chini, halafu inapanda, na kupanda, kama vile kuna mtu anakaza waya wa gitaa. Koroga tena, inashuka tena. Frank Crawford, mwanafizikia wa Marekani, aliandika kuhusu hili mwaka 1982. Ule unga unaingia na hewa nyingi ndogondogo, na hewa ikichanganyika na maji kasi ya sauti inaporomoka vibaya sana. Kwenye maji matupu sauti inakimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwenye hewa 343. Ukichanganya maji na asilimia 1 tu ya viputo ungetegemea ipungue kidogo si ndiyo? Inaanguka mpaka mita mia na kitu. Chini ya maji, chini ya hewa, chini ya vyote viwili! Sababu ni kwamba ule mchanganyiko umechukua uzito wa maji na ulaini wa hewa, yaani umerithi kila kitu kibaya kutoka kwa wazazi wote wawili, mzito kusukuma na mlegevu kurudi. Viputo vikipanda juu na kutoka, kasi inarudi, noti inapanda. Nilivyoona hii mara ya kwanza kahawa ilipoa yote sijainywa.

Haya, birika. Hapa ndo nataka tukae.

Weka maji kwenye moto, zima redio, usishike simu, sikiliza tu dakika tano. Mwanzo hakuna kitu. Baada ya muda utaona vijiputo vidogo vimeganda kwenye kuta za sufuria na watu wengi wanasema maji yameanza kuchemka, hapana, hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji inafungasha virago, maji yakipata joto hayawezi kubeba hewa nyingi kama yakiwa ya baridi. Ni hewa hiyohiyo unayoiona asubuhi kwenye glasi ya maji iliyolala mezani. Vinakua taratibu, havina haraka, havina kelele.

Halafu inaanza shiii. Kwanza mbali kama mvua ya jirani, baadaye inakuwa kali mpaka birika lote linaunguruma. Hapo chini kabisa kwenye bati maji yameshapita nyuzi joto 100 wakati yale ya juu bado yako 70 au 80. Kwenye mikwaruzo midogo ya chuma inazaliwa mivuke, viputo vya mvuke safi siyo hewa, vinajikwatua kutoka chini vinapanda kidogo, vinakutana na maji ya baridi zaidi, na hapo vinakufa. Kumbuka maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,600. Sasa rudisha nyuma hiyo: kiputo cha mvuke kikipoa kinarudi kuwa maji na kinahitaji nafasi moja katika 1,600 ya ile kilichokuwa nayo, kwahiyo kinabaki utupu, na maji ya pande zote yanaukimbilia huo utupu kwa wakati mmoja yanagongana katikati. Tak. Zidisha kwa maelfu kila sekunde. Ile kelele ya birika ni vifo vya viputo, jamani, samahani kwa kuiweka hivyo lakini ndo ilivyo.

Na ndo maana linapokaribia kuchemka kweli kelele inapungua. Hili nililisikia maisha yangu yote bila kulisikia, kama unanielewa. Maji ya juu nayo yakishapata joto, viputo vinapanda mpaka juu vikiwa hai vinapasukia hewani taratibu, sauti inageuka kuwa ile ya gubugubu nzito na ya upole. Birika likipiga kelele kuliko wakati wowote bado halijachemka, likinyamaza ghafla ndo limefika. La umeme linajizima sekunde chache baadaye kwasababu mvuke unapita kwenye tundu unakipata kibati kidogo cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kibati kinapinda kinabetua swichi. Ukiacha mfuniko wazi mvuke haukifikii kibati na birika litachemka tu mpaka ulikumbuke. Na lile birika la kizamani la kupiga filimbi, Agarwal huyuhuyu wa matone na mwanafunzi wake Ross Henrywood walilifanyia kazi mwaka 2013 (sijui huyu bwana nyumbani kwake anapumzika saa ngapi), na hapo napo mlizi si maji, ni mvuke unaojiviringisha kwenye kile kitundu cha mdomo.

Nikiwa hapo hapo kwenye birika niseme na hili maana limenigharimu gesi nyingi. Maji yakishachemka kuongeza moto hakuyapi joto zaidi. Yatakaa kwenye 100 zake (au pungufu kidogo ukiwa mlimani, juu kabisa ya Everest yanachemka kwenye 70 hivi) na moto wote wa ziada unakwenda kutengeneza mvuke. Mwanasayansi Joseph Black aliligundua hili Glasgow, Scotland, miaka ya 1760, akaona barafu na maji vinameza joto bila kipimajoto kusogea, akaliita joto lililojificha. Na linameza haswa! Kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 314 hivi, kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke ni 2,257, zaidi ya mara saba. Kwahiyo zile sufuria ninazoziacha zinatokota kwa hasira nikidhani naharakisha chakula, nilikuwa nalipia mvuke wa kulowesha dari. Ukishasikia gubugubu punguza moto, kinachoiva kinaiva kwa kasi ileile.

Kitu kingine, ukimimina maji ya moto na ya baridi kwenye vikombe viwili huku umegeuka ukutani, utajua yapi ni yapi. Watu wengi wakijaribiwa wanapatia, bila kuwahi kufundishwa na mtu. Ya moto yanasikika mazito kidogo na laini, ya baridi yanasikika makali. Maji ya nyuzi 80 mnato wake ni kama theluthi tu ya yale ya nyuzi 20, na mvutano wa uso wake umelegea, kwahiyo hata namna yanavyovunjika na kunasa hewa inabadilika. Wanasayansi bado wanavutana kipi kinachangia zaidi, masikio yetu yenyewe yalishapita mtihani zamani.

Turudi kwenye viputo vinavyokufa, maana vile vya sufuria ni vya kistaarabu. Mwisho wa karne ya 19 meli zikaanza kufungwa injini zenye nguvu na propela zinazozunguka kwa kasi, ghafla propela za chuma imara zinatoka majini zimeliwa kama jibini lililopitiwa na panya. Propela ikizunguka haraka mno nyuma ya bapa lake presha ya maji inashuka mpaka maji yanageuka mvuke hata yakiwa ya baridi, viputo vinazaliwa, vinasogea kidogo pale penye presha, vinabomoka. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, akaifanyia hesabu mwaka 1917, kiputo kikibomoka kwa kujikusanya kwenye nukta moja presha pale katikati inakuwa kubwa kupita kiasi. Kumong'oa chuma si ajabu.

Na kuna mnyama alishaligeuza hilo kuwa silaha kabla hata meli hazijafikiriwa. Ni kamba, huyu wa baharini, sio wa kufungia mbuzi. Mdogo tu, sentimita chache, ana gando moja kubwa kuliko lingine, na akilifunga unasikia mlipuko. Wapo wengi kwenye bahari za joto kiasi kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili kelele zao zilikuwa zinawasumbua waliokuwa wanasikiliza nyambizi. Watu wote walidhani ni gando linagongana. Mpaka mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi na Ujerumani, akina Michel Versluis, Barbara Schmitz na Detlef Lohse, walipoweka kamera ya kasi kubwa na kuona kwamba gando likishafunga bado sauti haijatoka. Gando linarusha maji kwa kasi ya karibu mita 25 kwa sekunde, nyuma ya yale maji kinazaliwa kiputo, kiputo kinabomoka, ndo mlipuko. Windo linazirai au linakufa palepale. Mwaka uliofuata wakaona na kimweko cha mwanga, hafifu huwezi kukiona kwa macho, kwasababu ndani ya kiputo kikibanwa hivyo joto linafika angalau kelvini 5,000, siyo mbali sana na uso wa jua. Ndani ya maji ya bahari. Ametengeneza kamba.

Wewe mwenyewe una viputo vyako pia. Alisha vidole hapo ulipo, viache vialike, taka. Utotoni nilikuwa naalisha vidole mpaka mama anafunga mlango, ananiambia utapata baridi yabisi wewe, na kwa miaka mingi nilikuwa nikialisha nahisi hatia. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi iliyoyeyuka, ukivuta kidole mifupa inaachana ghafla, presha inashuka, kiputo kinajitokeza. Mwaka 2015 timu ya Greg Kawchuk kule Alberta, Kanada, ilimvuta mtu vidole ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, na kurekodi, ikaona tundu la gesi linatokea wakati uleule wa mlio. Wengine wanasema mlio unatokana na kiputo kubomoka nusu, wana hesabu zao nzuri tu, ila kwamba ni kiputo hakuna ugomvi. Ndo maana huwezi kualisha kidole hichohicho palepale, subiri kama dakika 20 gesi irudi kwenye ute.

Na hatia yangu ikaondolewa na daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, ambaye naye mama yake alimtisha vilevile. Akaamua kuualisha mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku na wa kulia asiuguse, kwa miaka 50. Mara 36,500 kwa uchache. Mwaka 1998 akaandika kwamba ameangalia mikono yote miwili, hakuna wenye baridi yabisi, hakuna tofauti. Mtu mmoja siyo utafiti, najua, na yeye mwenyewe alijua. Lakini miaka 50 ya kumjibu mama, mwacheni.

Nilidhani viputo vina kazi ya kelele tu mpaka nikafika kwenye harufu ya mvua. Ile harufu ya ardhi kavu ikipata mvua ya kwanza ilipewa jina mwaka 1964 na Isabel Joy Bear na Richard Thomas wa Australia, petrikori, na sehemu yake kubwa ni jiosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu inainusa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Swali ni inatokaje ardhini kuja puani? Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, Youngsoo Joung na Cullen Buie, wakarekodi matone yakianguka kwenye udongo, na wakaona tone likitua linanasa hewa ya kwenye matundu ya udongo, hewa inakuwa viputo, viputo vinapanda ndani ya tone vinapasuka juu yake na kurusha vumbi la maji dogo mno lililobeba kila kilichokuwa ardhini. Tone la mvua linafanya kama soda. Na mvua ndogo au ya wastani inafanya hivi kuliko ya kumwaga, ndo maana harufu inakuja na yale matone ya kwanza ya uvivu, ikishakolea inapotea.

Baharini ni hivyohivyo kwa ukubwa wa kutisha. Kila wimbi likivunjika viputo vinapasuka juu ya maji vinarusha vijitone vya chumvi, maji yanakauka, chumvi inabaki inaelea, inapanda, na mvuke wa angani ukitafuta kitu cha kushikilia ili uwe tone la wingu, unaikuta. Mawingu mengi ya baharini yana chembe za chumvi katikati. Kwahiyo kiputo kinapasuka, kinasaidia kutengeneza wingu, wingu linanyesha, tone linaangukia maji, linanasa kiputo.

Sasa ile sabuni. Usiku wa pili nikaamka, nikaenda jikoni bila kuwasha taa, nikatia sabuni ya vyombo kwenye ndoo, kidogo tu. Nikasimama pale kama mganga anasubiri dawa ishike. Tone likadondoka. Kimya. Lingine, kimya. Nilicheka peke yangu, nikarudi kulala, nikalala kama gogo.

Tatizo ni kwamba ile kelele ndo ilikuwa inanikumbusha kumwaga ndoo. Sikuikumbuka, na ilikuwa imeshafika karibu na ukingo. Asubuhi nikakanyaga maji ya baridi yenye povu, jiko zima, mpaka chini ya friji, na bomba liko palepale linadondosha kwa adabu bila sauti. Nikadeki saa nzima. Halafu nikalifungua bomba, nikabadilisha kile kimpira cha ndani kilicholika, dakika kumi, basi.